Hoteli za hadithi Florida: mgeni hanunui kitanda

Na Mwandishi Wetu

CHUKUA vyumba viwili vya hoteli vilivyo katika jengo moja. Vitanda vinafanana, bafu linafanana, ukubwa ni ule ule. Cha kwanza dirisha lake linatazama maegesho ya magari. Cha pili roshani yake inatazama uwanda wa nyasi wenye twiga, pundamilia na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Cha pili ni ghali zaidi, na tofauti hiyo hulipwa kila usiku, mwaka mzima, na watu wanaojua fika kwamba kitanda ni kile kile.

Twiga hao hawako Mikumi wala Amboseli. Wako Florida, Marekani, katika hoteli iitwayo Disney's Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa Aprili 2001 jirani na bustani ya burudani ya kampuni ya Walt Disney. Mgeni hupokelewa katika jengo linaloitwa Jambo House, hula chakula Boma au Jiko, hununua kumbukumbu katika duka la Zawadi, na akitaka kukandwa mgongo huelekezwa Zahanati.

Msomaji anaweza kucheka, na ana haki ya kucheka. Lakini mfanyabiashara akishamaliza kucheka hutaka kuona daftari. Wiki hii tunaweka kando bei za mahindi na hati fungani za Serikali, tutazame biashara ya hoteli zilizojengwa juu ya hadithi kandokando ya bustani za burudani: zipi zinapendwa, kwa nini zinalipa, na ni wapi wawekezaji wadogo walikula hasara wakidhani hadithi nzuri inatosha.

Somo la Anaheim

Biashara hii ilianza kwa ukata. Walt Disney alipofungua bustani yake ya kwanza, Disneyland, huko Anaheim, California, Julai 17, 1955, fedha zilikuwa zimekwishia kwenye bustani yenyewe. Hakubakiwa na mtaji wa kujenga hoteli. Hoteli ya kwanza ilijengwa na mtu mwingine, Jack Wrather, tajiri wa mafuta na vipindi vya televisheni, naye akapata na haki ya kuiita Disneyland Hotel.

Wenye viwanja jirani nao hawakulala. Mahoteli, migahawa na vituo vya mafuta vilichipua pande zote za uzio. Disney ndiye aliyewaleta wateja, lakini waliowalaza na kuwalisha ni majirani. Kila aliyewahi kupanga meza sokoni anaijua hali hiyo: wewe unaita wateja hadi koo linakauka, na mwenye meza ya pili ndiye anayeuza. Kampuni ilisubiri hadi 1988 kuipata hoteli ile yenye jina lake, na iliipata kwa kuinunua kampuni nzima ya Wrather.

Huko Florida kosa halikurudiwa. Mwaka 1964 na 1965, kupitia makampuni madogo yenye majina yasiyojulikana, Disney ilinunua kimya kimya takriban ekari 27,000 za vinamasi na malisho kwa jumla ya takriban dola milioni 5. Kule Anaheim ilikuwa imeanza na ekari kama 160. Siri ilipofichuka Oktoba 1965, bei ya ardhi katika eneo hilo ilipaa, lakini wakati huo sehemu kubwa ya ununuzi ilikuwa imekamilika.

Walt mwenyewe hakuyaona matunda hayo, kwani alifariki Desemba 1966. Bustani ilifunguliwa Oktoba 1, 1971, na siku hiyo hiyo zikafunguliwa hoteli mbili za kampuni. Tangu hapo, mgeni anayetoka bustanini usiku, miguu ikimuuma na mtoto amemlalia begani, hoteli iliyo karibu zaidi naye ni ya mwenye bustani. Hapo ndipo penye faida. Hadithi inakuja baadaye.

Ngazi yenye vipandio vingi

Hoteli hizo mbili za mwanzo zingali zinapendwa hadi leo. Contemporary ilijengwa kwa sura ya mji wa siku zijazo, na treni ya reli moja inapita katikati ya jengo. Vyumba vyake vilitengenezwa vikiwa kamili na kampuni ya chuma ya U.S. Steel, kisha vikanyanyuliwa na winchi na kuingizwa kwenye fremu ya chuma kama droo kabatini. Ni humo ambamo Rais Richard Nixon, Novemba 1973, aliwaambia wahariri wa magazeti kwamba yeye si mhuni. Ya pili, Polynesian, imejengwa kwa mtindo wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Humo, Desemba 1974, John Lennon alitia sahihi karatasi zilizovunja rasmi ubia wa bendi ya Beatles. Wenye hoteli wanajua kwamba matukio ya namna hiyo ni tangazo lisilolipiwa.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 10 vyumba vya kampuni vilikuwa vichache kuliko wageni. Mabadiliko yalikuja baada ya Michael Eisner kushika uongozi Septemba 1984. Eisner aliona kwamba maelfu ya watu wanalipa kiingilio cha bustani kisha wanakwenda kulala kwa wengine, akaanza kujenga kwa kufuata mfuko wa kila tabaka. Mwaka 1988 ilifunguliwa Grand Floridian, yenye sura ya hoteli za matajiri wa karne ya 19, kwa ajili ya wenye fedha. Mwaka huo huo ikafunguliwa Caribbean Beach kwa watu wa kipato cha kati. Port Orleans ikafuata 1991. Mwaka 1994 ukaleta Wilderness Lodge kwa wa juu na All-Star kwa wa chini.

Hii ndiyo ngazi. Katika miaka hii ya 2020, chumba cha All-Star siku zisizo za msimu kinaweza kupatikana kwa chini ya dola 200 kwa usiku kabla ya kodi. Grand Floridian ni nadra kukishusha chumba chini ya dola 600. Lakini wageni wote wawili wanapanda mabasi ya bure kwenda bustanini, na wote wanaingia nusu saa kabla ya lango kufunguliwa kwa umma. Tofauti ni kwamba baadhi ya usiku, wa daraja la juu huruhusiwa kubaki bustanini wakati wengine wametolewa.

Muuza vitenge anaielewa mbinu hii bila kufundishwa. Duka lake lina doti ya bei ya chini na lina wax ya Uholanzi. Lengo si kumlazimisha kila mtu anunue wax. Lengo ni mtu asitoke mikono mitupu akaenda duka la jirani.

Matokeo yanaonekana kwenye mahesabu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2024, kitengo cha Disney kinachoshughulikia bustani, hoteli, meli za kitalii na bidhaa kiliingiza takriban dola bilioni 34.2, na faida yake ya uendeshaji ilikuwa takriban dola bilioni 9.3. Kampuni nzima, pamoja na filamu na televisheni, ilipata faida ya uendeshaji ya takriban dola bilioni 15.6. Kwa maneno mengine, katika kila dola 10 za faida, karibu 6 zilitoka mahali ambapo watu wanakwenda kwa miguu yao, si wanapokaa kutazama.

Zipi tunazichagua

Kwa msomaji mwenye ndugu Marekani, au anayepanga safari ya familia, tumezipima hoteli hizi kwa kipimo cha biashara: je, hadithi yake inampa mgeni kitu ambacho hoteli ya kawaida barabarani haiwezi kumpa?

Ya kwanza ni hiyo hiyo Animal Kingdom Lodge. Mchoraji wake alikuwa Peter Dominick, aliyechora pia Wilderness Lodge. Jambo House limejengwa kwa umbo la kwato, likizunguka nyanda ambazo wanyama hutembea saa zote za mchana. Moja ya nyanda hizo inaitwa Arusha, nyingine Uzima, nyingine Pembe. Jengo la pili, Kidani Village, lilifunguliwa 2009, na limepindwa kama kidani cha shingoni. Mtu asiye na fedha za chumba cha twiga anaweza kulala chumba cha kawaida na kuwatazama wanyama kutoka sehemu za wageni wote. Udhaifu wake ni umbali: hakuna treni wala boti, ni basi tu.

Ya pili ni Wilderness Lodge. Imefuata mfano wa Old Faithful Inn, hoteli ya magogo iliyojengwa 1904 katika hifadhi ya Yellowstone. Ukumbi wake wa mapokezi una nguzo za magogo na meko ya mawe yanayopanda hadi juu, na boti inampeleka mgeni hadi kwenye bustani kuu. Mara nyingi bei yake iko chini ya zile zinazopitiwa na treni, na kwa hesabu zetu hapo ndipo mtu anapopata thamani ya fedha yake katika daraja la juu.

Ya tatu, kwa mwenye watoto na mfuko mwembamba, ni Pop Century na jirani yake Art of Animation. Hizi zina historia inayomfaa mwekezaji. Pop Century ilipangwa kuwa na pande mbili. Mashambulizi ya Septemba 2001 yakaua safari za anga, na hoteli ikafunguliwa Desemba 2003 ikiwa na upande mmoja tu, wenye vyumba 2,880. Majengo ya upande wa pili yalisimama miaka mingi bila kumalizwa, ng'ambo ya ziwa, mbele ya macho ya wageni. Mwaka 2012 upande huo ulifunguliwa kwa hadithi nyingine kabisa, ya filamu za katuni, na sehemu kubwa ya vyumba vyake ikawa ya familia za watu 6. Tangu Septemba 2019 hoteli hizo mbili zinahudumiwa na vibanda vinavyoning'inia kwenye waya hadi bustanini, jambo ambalo hoteli nyingine za bei yao hazina.

Nje ya Disney, mshindani wake Universal naye amejifunza ngazi hiyo. Akishirikiana na kampuni ya Loews, alianza 1999 na Portofino Bay, inayoiga bandari ya Portofino ya Italia. Mwaka 2014 akafungua Cabana Bay, yenye sura ya mahoteli ya pwani ya miaka ya 1950 na 1960, kwa watu wa kipato cha kawaida. Bustani yake mpya, Epic Universe, ilipofunguliwa Mei 2025, hoteli zake Orlando zilikuwa zimefika 11. Turufu yake iko katika hoteli tatu za juu, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific. Bei ya chumba humo imejumuisha pasi za kupita foleni ya haraka katika bustani zake mbili za zamani. Kwa familia ya watu 4 siku za msimu, pasi hizo zikinunuliwa peke yake zinaweza kugharimu mamia ya dola kwa siku. Chumba kinachoonekana ghali kinaweza kuwa rahisi, ilimradi mtu apige hesabu nzima.

Na hesabu nzima ndiyo hiyo. Anayelala nje ya eneo la Disney aongeze maegesho ya bustanini, yaliyokuwa dola 30 kwa siku kwa gari dogo mwaka 2024, na muda wa barabarani. Anayelala ndani aongeze kodi ya zaidi ya asilimia 12 juu ya bei ya chumba, na chakula cha bei ya mwenye bustani. Mwisho wa Agosti na Septemba, shule za Marekani zikishafunguliwa, bei hushuka, lakini huo ndio msimu wa vimbunga.

Kilemba cha likizo

Kuna bidhaa nyingine ambayo msomaji atakutana nayo kwenye kumbi za hoteli hizi, ikiuzwa na vijana wachangamfu. Tangu 1991 Disney inauza haki ya kulala katika nyumba zake za likizo kwa miaka mingi ijayo. Mteja analipa maelfu ya dola mwanzoni, kisha ada kila mwaka. Haki hiyo ina mwisho: mikataba ya mwanzo ya nyumba za Old Key West inaishia 2042, ya Animal Kingdom inaishia 2057.

Kwa lugha ya Kariakoo, hicho ni kilemba. Unalipa ili uingie, unaendelea kulipa ukiwa ndani, na siku ya mwisho fremu inarudi kwa mwenye nyumba. Kwa kampuni ni biashara nzuri mno, kwani fedha za mteja zinaanza kuingia kabla hajalala usiku wa kwanza. Kwa mteja anayekwenda huko kila mwaka huenda ikalipa. Kwa anayekwenda mara moja katika maisha yake, hailipi, na wala isiitwe kitega uchumi.

Maneno yetu, duka lao

Turudi kwa twiga. Bustani ya Animal Kingdom yenyewe ilifunguliwa Aprili 1998, na ndani yake kuna mji wa kubuni uitwao Harambe. Wachoraji wakiongozwa na Joe Rohde walizunguka Afrika kutafuta mifano, na mji uliowapa sura ya Harambe ni Lamu. Kuta za chokaa zilizobanduka, milango, matangazo ya mkono ukutani, vyote vimetengenezwa viwe vizee siku ya kwanza. Mgeni akitoka hapo anapanda lori la Kilimanjaro Safaris.

Hakuna sheria iliyovunjwa. Sura ya mji haina hatimiliki, wala neno jiko halina mwenyewe. Lakini neno linaweza kuwa alama ya biashara. Baada ya filamu ya The Lion King ya 1994, Disney iliomba kusajili Marekani maneno "Hakuna Matata" kwa ajili ya mavazi, na usajili ukakamilika 2003. Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuzoeleka kwa watalii wa pwani ya Kenya kupitia wimbo Jambo Bwana wa Them Mushrooms, uliotoka 1982. Mwaka 2018 zaidi ya watu 100,000 walitia sahihi waraka wa kupinga usajili huo, uliokuwa umeanzishwa na mwanaharakati wa Zimbabwe. Usajili haumzuii mtu kusema maneno hayo, na wengi wetu husema hakuna shida. Kinachozuiwa ni kuyatumia Marekani kama alama ya kuuzia nguo.

Hasira ya 2018 inaeleweka, lakini haikumwingizia mtu wa Lamu hata senti. Kinachouma zaidi ni kwamba kilichouzwa Florida kiko hapa, tena cha asili. Nairobi ina Giraffe Manor, ambako twiga huingiza shingo dirishani wakati wa kifungua kinywa, na wageni hulipa bei inayoipita kwa mbali ile ya chumba cha twiga cha Florida. Mfano huo unaonyesha kwamba hadithi yetu inauzika kwa bei ya juu ikiwa na mpangilio. Mwenye nyumba ya wageni Lamu, Bagamoyo au Pangani ana hadithi ya bure mlangoni. Alichokosa mara nyingi ni jina lililosajiliwa BRELA au KIPI, daftari linaloonyesha vyumba vinavyojaa mwezi hadi mwezi, na bei inayotenganisha chumba kinachotazama bahari na kinachotazama ukuta.

Waliokula hasara

Msomaji asidhani kwamba kila hadithi hulipa. Mwaka 1989 Disney iliuza hisa za bustani yake mpya ya Ufaransa kwa umma wa Ulaya, kwa faranga 72 kila moja. Wananchi wengi wa kawaida walinunua. Bustani ilifunguliwa Aprili 12, 1992, na pamoja nayo hoteli sita za hadithi: ya New York, ya pwani ya mashariki ya Marekani, ya msituni, ya wachunga ng'ombe na nyinginezo. Vyumba vilikuwa takriban 5,200 siku ya kwanza.

Watu walikuja, lakini hawakulala. Treni inafika Paris kwa chini ya saa moja, na Paris haina uhaba wa vitanda. Ulaya ilikuwa imeingia kwenye mdororo wa uchumi, bei za vyumba zilikuwa za juu, na hoteli moja kati ya sita ilibidi ifungwe kipindi cha baridi cha kwanza. Kilichoua zaidi ni deni: majengo yalijengwa kwa mikopo, na riba haijui kwamba chumba kimelala tupu. Mwaka wa fedha wa 1993 ulileta hasara ya faranga bilioni 5.3. Mwaka 1994 mabenki yakasamehe riba kwa muda, hisa za nyongeza zikatolewa kwa faranga 10 tu, na mwana mfalme Alwaleed bin Talal wa Saudi Arabia akaingia na kuchukua karibu robo ya kampuni.

Fuata hisa za mtu mdogo. Tuseme alinunua hisa 100 mwaka 1989 kwa faranga 7,200, sawa na takriban euro 1,100, na hakuongeza kitu. Mwaka 2007 kampuni iliunganisha kila hisa 100 kuwa moja. Mwaka 2017 Disney ilinunua hisa zilizobaki na kuiondoa kampuni sokoni, kwa euro 2 kwa hisa. Yule bwana aliondoka na euro 2. Bustani yenyewe ilikuwa imejaa watu, na hoteli zake nyingi bado zinapendwa. Ile kubwa ya mlangoni ilifunguliwa upya Januari 2024 ikiwa ya nyota 5. Hadithi ilibaki, mwenye hisa akafutika.

Mfano wa pili ni wa juzi. Machi 2022 Disney ilifungua Florida hoteli ya Star Wars: Galactic Starcruiser, iliyoigizwa kuwa chombo cha angani. Ilikuwa na vyumba 100. Kila mgeni alikaa usiku 2, akiwa ndani ya mchezo wa kuigiza tangu kuingia hadi kutoka, na madirisha ya chumbani yalikuwa skrini. Watu wawili walianzia karibu dola 4,800. Waliokwenda wengi waliisifu. Hata hivyo ilifungwa mwisho wa Septemba 2023, baada ya mwaka mmoja na nusu.

Kwa maoni yetu, tofauti yake na hoteli ya twiga ni ndogo kuitaja lakini kubwa kwenye mapato. Hadithi ya Starcruiser ilikuwa ile ile kila safari, na mtu akishaijua mwisho wake hana sababu ya kulipa tena. Twiga wa kesho hafanyi alichofanya jana. Aidha, hoteli ya twiga ina chumba cha bei ya kati, ina mgahawa unaoingiza hata wasiolala hapo, na ina bei inayoshuka msimu ukiwa mbaya. Starcruiser ilikuwa ngazi yenye kipandio kimoja, nacho kilikuwa juu sana.

Maswali ya kumuuliza mwenye hoteli

Mwekezaji mdogo hana haja ya kwenda New York ili aonje biashara ya hoteli. Kampuni ya TPS Eastern Africa, yenye hoteli za Serena, iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1997, na hoteli zake nazo zinauza sura ya mahali: manyatta za Wamaasai kule Mara, majengo ya kale ya Shangani kule Zanzibar. Hatumshauri mtu anunue wala auze. Tunamshauri aulize maswali manne, yawe ya hisa za Florida, za Nairobi, au za ndugu anayetafuta wabia wa kujenga bandas ufukweni.

Kwanza, ardhi inayozunguka ni ya nani? Kama ni ya wengine, jiandae kuwaletea wateja. Pili, deni likoje, na je, riba inalipika katika mwezi mbaya kuliko yote, si katika Desemba? Tatu, mgeni atalala, au atakuja asubuhi na kuondoka jioni? Nne, akirudi mwaka ujao, kutakuwa na jambo jipya la kumrudisha?

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Yule mwenye hisa 100 za Paris alikuwa mwenyeji kwa karatasi, wageni walikuja kwa mamilioni, na hakupona. Kabla ya kutia sahihi, omba mahesabu ya miezi 12, uyasome kuanzia mstari wa madeni.